Laptopu ya "grafiksi GB 12" yenye RAM ya GB 8

Kibandiko cha dukani kilikuwa bado kimeng'ang'ania kifuniko: Ryzen 5, RAM GB 8, grafiksi GB 12. Mwalimu aliiweka laptopu juu ya kaunta, akaigonga ile 12 kwa ukucha, akaniuliza, "Fundi, gunia la gorogoro nane linatoaje gorogoro kumi na mbili?"

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na Kibuye ilikuwa bado inafagia takataka za soko la Jumapili. Mwalimu ni mstaafu, mweka hazina wa chama cha majirani zake hapa Kisumu, na ndiye aliyelipia mashine. Anayeitumia ni mpwa wake, kijana anayepiga video za harusi na mazishi, na mazishi ndiyo mengi: Siaya, Bondo, hata Ugenya. Kwa asiyeishi huku, mazishi ya Jumamosi hupigwa kwa kamera mbili na siku hizi droni juu yake, kisha familia inataka video yake kabla watu wa Nairobi hawajapanda basi kurudi. Kwa hiyo kijana hana wiki nzima ya kuhariri. Ana Jumapili, na usiku wake.

Malalamiko yenyewe yalikuwa mawili, na nilikosea kuyachukua kama moja. La kwanza ni la zamani kidogo: tangu anunue droni inayorekodi 4K, programu ya kuhariri ilikuwa ikimtolea ujumbe kwamba kumbukumbu ya GPU, yaani kadi ya picha, imejaa. La pili ni la majuzi. Laptopu nzima ilikuwa inaganda, mshale wa kipanya unatembea kwa mapigo kama mgonjwa, na taa ya diski haizimi. Kati ya lalamiko la kwanza na la pili kuna fundi mwingine aliyelipwa "kuongeza grafiksi". Hilo la fundi mwingine kijana hakuniambia mpaka saa sita mchana. Wateja huwa hivyo. Ukienda kwa mganga wa pili humtaji wa kwanza.

Nikaiwasha. Windows kwenye ukurasa wake wa maelezo ilisema RAM, kumbukumbu ambayo programu zote hufanyia kazi, iliyopo ni GB 8.00, inayotumika ni 5.94. Yaani GB 2 na ushee hazipo. Hapo ndipo nilipopoteza saa nzima. Nilidhani kipande cha RAM kimelegea, nikafungua kifuniko cha chini, nikakitoa, nikasugua meno yake kwa raba ya mtoto wa shule, nikakirudisha. Bado 5.94. Nikaangalia kama mtu ameweka kikomo cha RAM kwenye mipangilio ya kuwasha Windows, hakikuwapo. Ningefikiri vizuri nisingefungua skrubu hata moja: mashine ilikuwa na kipande kimoja tu cha GB 8. Kipande kimoja kikilegea, mashine haiwaki kabisa. Hakilegei robo.

Jibu lilikuwa mbele yangu kwenye Task Manager, ukurasa wa kumbukumbu, pembeni chini, palipoandikwa "Hardware reserved": GB 2.1. Maana yake ni kwamba kabla Windows haijaamka, BIOS, ile programu ndogo ya bodi inayoamsha mashine, ilikuwa imeshachota kiasi hicho ikakifungia. Na aliyefungiwa alikuwa kadi ndogo ya picha.

Mashine hii ina kadi mbili, kama laptopu nyingi za michezo na za uhariri. Ya kwanza imo ndani ya prosesa yenyewe, Radeon Vega 8, kwa sababu prosesa ni Ryzen 5 3550H ya mwaka 2019. Kadi hii haina kumbukumbu yake hata kidogo; chochote inachohitaji inakichukua kwenye RAM ya mashine. Ya pili ni GTX 1650 ya NVIDIA, imesimama peke yake kwenye bodi, na ina GB 4 zake za kumbukumbu ya aina ya GDDR5 zilizochomelewa karibu nayo. Kazi ndogondogo kama kurasa za intaneti, WhatsApp na kuchora meza ya Windows zinafanywa na Vega ili kuokoa betri. Kazi nzito inapelekwa kwa GTX.

Nikafungua ukurasa wa kila kadi, mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu akavuta kiti. Alikuwa ametoa daftari.

Vega ilionyesha kumbukumbu yake maalum ni GB 2.0, na ya kushirikiwa ni 2.9. GTX ilionyesha yake maalum ni 4.0, na ya kushirikiwa ni 2.9. Mwalimu akajumlisha kwa kalamu kabla sijasema neno: mbili na mbili nukta tisa, nne na mbili nukta tisa. "Kumi na moja nukta nane," akasema. "Hao watu wa duka hawakudanganya. Wamejumlisha tu."

Kweli, kilichofanyika dukani ni kujumlisha, ila walijumlisha vitu visivyojumlishika. Zile 2.9 za Vega na zile 2.9 za GTX si akiba mbili. Windows ina kanuni kwamba kila kadi ya picha inaruhusiwa kukopa kwenye RAM mpaka nusu ya RAM iliyobaki kwa Windows. Nusu ya 5.9 ndiyo hiyo 2.9. Kila kadi inasomewa kikomo hichohicho, kutoka RAM hiyohiyo, na hakuna baiti hata moja iliyotengwa mpaka kadi iombe. Kadi isipokopa, RAM yote inatumiwa na programu za kawaida. Ikikopa na kurudisha, inarudi.

Nilianza kumpa mfano wa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwamba kikomo unachosomewa kwenye simu si pesa uliyo nayo, lakini mweka hazina alikuwa ameshanipita. "Sisi chama chetu," akasema, "mwanachama anakopa mpaka nusu ya sanduku. Sanduku likiwa na elfu sitini, Achieng' anaambiwa kikomo chako elfu thelathini. Otieno naye elfu thelathini. Mimi nikiandika kwenye kitabu kwamba chama kina laki moja na ishirini, sitini za sanduku na thelathini mara mbili, mwaka huu nafungwa."

"Ndivyo, Mwalimu."

"Na hizi mbili za mwanzo? Za Vega?"

Hizo ni tofauti kabisa, na ndizo zilizokuwa zinaiua mashine. Kumbukumbu ya kushirikiwa ni mkopo. Hii ya BIOS ni fungu lililokatwa moja kwa moja na kufungiwa kabatini. Windows haiioni kama RAM. Programu ya kuhariri haiwezi kuigusa. GTX haiwezi kuigusa, hata ikifa kiu. Ni ya Vega peke yake, itumike isitumike, mpaka mtu arudi kwenye BIOS abadilishe.

Hapo kijana akakohoa. Ndipo akasema kuhusu yule fundi. Baada ya ule ujumbe wa kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa, alimpelekea, na fundi akaingia BIOS akapandisha fungu la kadi ya ndani kutoka MB 512 hadi GB 2. Akamwonyesha kabla na baada: kabla, kumbukumbu maalum nusu GB, baada, GB 2. Mara nne. Kijana akalipa, akaenda nyumbani na furaha yake.

Simlaumu sana. Namba iliongezeka kweli, na ujumbe ulisema kumbukumbu ya GPU imejaa. Mtu anaongeza kumbukumbu ya GPU. Ila mashine ina GPU mbili, na iliyojaa ilikuwa nyingine.

Nilimwambia kijana afungue mradi wa mazishi ya wiki iliyopita, tuucheze, tuangalie nani anakula nini. RAM: 5.6 kati ya 5.9. Diski: asilimia 100. Vega: imetumia kama nusu GB ya zile mbili ilizofungiwa, zilizobaki zimekaa bure. GTX: 3.8 kati ya 4.0 za kwake, na kwenye safu ya kushirikiwa, 1.3.

Hiyo 1.3 nataka tuitazame kwa karibu, maana watu wengi wanaisoma kinyume. Wanaona kadi inatumia "ya ziada" na kufurahi kwamba ziada inafanya kazi. Kwa kadi kubwa iliyo na kumbukumbu yake, safu ya kushirikiwa ikipanda hivyo wakati ya kwake imejaa, ni ndoo iliyofurika. Kinachofurika kinakwenda kwenye RAM ya mashine, na kila kadi inapokihitaji lazima kipite PCIe, njia inayounganisha kadi na mashine, kurudi. Kumbukumbu ya GTX 1650 inapitisha GB 128 kwa sekunde. Kipande kimoja cha RAM ya DDR4-2400 kinapitisha 19.2: mara bilioni 2.4 kwa sekunde, baiti 8 kila mara. Na PCIe ya kizazi cha tatu yenye njia nane ni karibu GB 8 kwa sekunde. Kutoka 128 hadi 8. Ni sawa na kutoka barabara kuu ya kwenda Busia na kuingia kijia cha ng'ombe ukiwa na lori.

Halafu baya zaidi. Ile 1.3 iliyofurika inatoka kwenye RAM ambayo ilikuwa 7.4 kabla ya fundi, na sasa ni 5.9. Windows ikibanwa inahamisha vitu kwenye diski ili GTX ipate mkopo wake. Programu ya kuhariri inavihitaji, inavirudisha. Taa ya diski haizimi. Ndiyo yale mapigo ya mshale. GB moja na nusu iliyopewa kadi isiyokuwa na kazi ilinyang'anywa kadi iliyokuwa na kazi pamoja na prosesa yenyewe.

Nikafanya hesabu nyingine kwa sababu Mwalimu aliiomba. Kabla fundi hajagusa kitu, Vega ilikuwa na 0.5 maalum na nusu ya 7.4, yaani 3.7. GTX 4.0 na 3.7. Jumla 11.9, ambayo dukani ikawa 12. Baada ya fundi kulipwa kuongeza grafiksi, jumla ni 11.8. Hata kwa hesabu ya uongo, ilikuwa imepungua. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Kwa nini GTX ijae na 4K, ilhali Full HD ilikuwa haijai? Fremu moja ya 4K, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ina vitone 3,840 kwa 2,160. Programu za uhariri, ili rangi zisiharibike, huweka kila kitone kwa namba ndefu za biti 32 kwa kila moja ya njia nne za rangi na uwazi, yaani baiti 16. Fremu moja inakuwa kama MB 133. Ya Full HD kwa mpango huohuo ni MB 33. Sasa programu haishiki fremu moja. Inashika iliyopo, za kamera zingine zilizopangwa sambamba, za mpito, na kwa kupunguza chenga za picha za jioni inashika za kabla na za baada. Kumi tu ni GB 1.3. Kijana alikuwa na kamera mbili, droni, na amewasha kupunguza chenga kwenye kila kipande, hata cha saa sita mchana juani. Hiyo ya mwisho ni tabia, si kompyuta.

Kijana akauliza kitu cha busara: kwa nini zile 2 za Vega na 4 za GTX zisiunganishwe ziwe 6? Haziungani. Kila kadi ina dereva wake, yaani programu inayoiendesha, na kumbukumbu yake, na fremu iliyoko kwa GTX haionekani kwa Vega mpaka inakiliwe. Kuna kunakili kumoja tu kunakofanyika kila wakati, na hakukuzi kumbukumbu ya yeyote. Katika laptopu nyingi za kadi mbili, kioo kimeunganishwa na kadi ya ndani. GTX ikimaliza kuchora fremu, inaivusha kwa PCIe na kuiweka kwenye RAM, mahali Vega inaposoma, kisha Vega ndiyo inayoipeleka kwenye kioo. NVIDIA walileta mpango huu mwaka 2010 kwa jina la Optimus. Gharama yake si kubwa: fremu ya Full HD ya baiti nne kwa kitone ni MB 8.3, mara 60 kwa sekunde ni kama MB 500. Lakini inaeleza jambo moja ambalo vijana wengi huangukia.

Kijana alikuwa ameangukia. Mtu alimwambia aizime Vega kwenye orodha ya vifaa vya Windows ili "RAM irudi na GTX ishike kila kitu". Akaizima. Kioo kikabaki na picha ya dereva wa msingi, mwanga wake haupungui wala kuongezeka, na programu ya NVIDIA ikamwambia hakuna skrini iliyounganishwa nayo. Ilikuwa inasema kweli: kioo ni cha Vega. Na RAM haikurudi hata MB moja, kwa sababu BIOS huikata kabla Windows haijajua kama kuna kadi iliyozimwa au la. Zipo laptopu mpya zenye swichi ya kuhamisha kioo kwenda kadi kubwa moja kwa moja. Hii haikuwa nayo.

Tiba ilikuwa fupi kuliko maelezo. Niliingia BIOS nikarudisha fungu la Vega kuwa MB 512. Nimeona laptopu nyingi ambazo mtengenezaji amelificha chaguo hilo. Hii ilikuwa nalo, ndiyo maana yule fundi aliweza kuliharibu. Windows ikaamka na 7.4. Nikahakikisha kwenye mipangilio ya picha ya Windows kwamba programu ya kuhariri inapewa GTX, na kivinjari kinabaki Vega. Mshale ukaacha mapigo. Ujumbe wa kumbukumbu ya GPU kujaa haukuacha, na sikutarajia uache, maana GTX ina 4 na itakufa na 4. Kwa huo, dawa ni kuhariri kwa nakala nyepesi za Full HD na kurudi kwenye 4K wakati wa kutoa video tu, na kupunguza chenga pale penye chenga.

Kuna wakati kupandisha fungu la kadi ya ndani kuna maana. Mashine ikiwa na Vega peke yake na RAM ya kutosha, michezo mingine hukagua ile namba ya kumbukumbu maalum na kukataa kuanza ikiiona ndogo. Hapo unaipandisha ili mchezo ukubali. Kasi yenyewe haibadiliki sana, kwa sababu lililofungiwa na la mkopo ni RAM ileile, chipu zilezile.

Lililobadilisha kasi ya Vega, na kuipa mashine yote pumzi, lilikuwa kipande cha pili. Kulikuwa na nafasi tupu pembeni ya ile niliyoisugua kwa raba. Mwalimu akatoa pesa, kwa shingo upande, tukaongeza GB 8. Kilichopatikana kilikuwa cha kasi ya 2666. Prosesa hii haivuki 2400, kwa hiyo vyote viwili vinakwenda 2400, na hilo halina ubaya. Vipande viwili vinasomwa sambamba, 19.2 inakuwa 38.4. Kwa kadi isiyo na kumbukumbu yake, huo upana ndio chakula. Duka likikuuzia laptopu ya kadi ya ndani yenye kipande kimoja cha RAM, uliza kama nafasi ya pili ipo kabla ya kuuliza chochote kuhusu grafiksi.

Jioni, mvua ya ziwa ikipiga mabati, tuliucheza mradi uleule. RAM 9.8 kati ya 15.4. Diski imetulia. GTX 3.1 ya kwake kwa nakala za Full HD, na safu ya kushirikiwa imeshuka hadi 0.1. Kijana alianzisha kutoa video, na ilimaliza kabla sijafunga duka, nikiwa bado natafuta kufuli.

Alipokuwa anafunga mkoba, akafanya hesabu kwa mzaha. Kikomo sasa ni nusu ya 15.4, yaani 7.7 kwa kila kadi. Na 0.5, na 4. "Mjomba, sasa ina grafiksi GB 20. Tuiuze."

Mwalimu hakumjibu. Alikuwa anabandua kile kibandiko polepole kwa ukucha kisichanike. Akakibandika kwenye daftari la chama, ukurasa wa mikopo, akakata ile 12 kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika 4.